Seva tatu, ufunguo mmoja: kulinda dashibodi za biashara na kugawa mzigo wake

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi ndipo dashibodi ya mauzo inapolemewa. Meneja wa kila tawi anataka namba za wiki iliyopita kabla ya kikao cha saa tatu, mhasibu anatafuta madeni, bosi kafungua ukurasa uleule kwenye simu akiwa njiani. Ukurasa unazunguka, unazunguka, kisha unaleta kosa la 504, yaani muda wa kusubiri jibu umekwisha. Mtu wa TEHAMA anaambiwa: ongeza seva. Anaongeza. Baada ya wiki chache mkaguzi wa usalama anakuja na swali lake: hii nani kaifungulia dunia nzima?

Ofisi nyingi huyachukulia mambo hayo mawili kuwa kazi mbili, na huwapa watu wawili wasiozungumza sana. Mimi naona ni kazi moja. Ili seva tatu zifanye kazi kana kwamba ni moja, lazima zishirikiane siri, zishirikiane kumbukumbu, na ziamini maneno ya aliye mbele yao. Hayo matatu ndiyo mvamizi anayoyatafuta. Mfano wangu mkuu ni Apache Superset, programu huria ya dashibodi iliyoanzia Airbnb mwaka 2015 na sasa inatumiwa na kampuni za kila ukubwa. Grafana na Metabase, nazo programu za dashibodi, zitaingia pale zinapotufaa.

Tuanze na mzigo, maana hapo ndipo wengi hukosea kabla hata ya kufika kwenye usalama.

Dashibodi haifanani na ukurasa wa habari, ambao huandikwa mara moja ukasomwa na maelfu. Dashibodi yenye chati 12 hutuma maombi 12, na kila ombi hugeuzwa kuwa swali la SQL, lugha ya kuulizia data, linalopelekwa kwenye hifadhidata. Watu 50 wakiifungua kwa pamoja, hayo ni maswali 600, na baadhi yake yanajumlisha mamilioni ya mistari ya mauzo. Seva ya dashibodi yenyewe haina kazi nzito hapo. Inapokea ombi, inaliuliza, inasubiri, inarudisha jibu. Kuchora chati ni kazi ya kivinjari.

Shida iko kwenye kule kusubiri. Superset kwa kawaida huendeshwa chini ya Gunicorn, programu inayopokea maombi na kuyagawia michakato kadhaa, na katika mpangilio wake wa msingi kila mchakato hushikwa na ombi moja mpaka jibu lirudi. Ukiwa na michakato minne na maswali manne mazito, mtu wa tano hata ukurasa wa kuingia haufunguki kwake. Ukichungulia matumizi ya kichakataji utakuta seva imetulia tuli, haina inachokifanya. Ndiyo maana watu hubishana: seva haijachoka, mbona ukurasa haufunguki?

Sasa ongeza seva mbili mbele ya hifadhidata ileile. Umeongeza idadi ya wanaosubiri, na umeiruhusu hifadhidata ipigwe na maswali mara tatu kwa wakati mmoja. Kila swali linazidi kuchelewa, na kama hifadhidata hiyo ndiyo inayopokea mauzo ya dukani, sasa hata keshia anasubiri. Kwa maoni yangu, ofisi ya ukubwa wa kati inayofikiria kununua kigawa mzigo (kinachokaa mbele na kuzigawia seva maombi) ianze na vitu viwili vya bei nafuu zaidi: kache ya majibu (yaani majibu yaliyowekwa akiba kwa muda), na nakala ya hifadhidata ya kusoma tu iliyotengwa na ile ya shughuli za kila siku. Superset ina kazi ya kupasha kache moto kwa ratiba. Iiweke saa kumi na mbili asubuhi, na wale 50 wa saa mbili na nusu watapewa majibu yaliyokwisha kupatikana. Namba za wiki iliyopita hazitabadilika ndani ya saa mbili na nusu hizo.

Je, kigawa mzigo hakina kazi? Kinayo, ila faida yake ya kwanza si kasi. Faida yake ni kwamba seva moja inaweza kutolewa kazini bila mtu kujua. Mnamo Desemba 2021 Grafana iligunduliwa kuwa na tundu la usalama, lililopewa namba ya utambulisho CVE-2021-43798, lililomwezesha mtu asiye na akaunti kusoma mafaili ya seva kupitia njia ya programu-jalizi. Julai 2023 ikawa zamu ya Metabase: CVE-2023-38646 ilimruhusu mgeni kutekeleza amri kwenye seva bila kuingia, kwa kutumia tokeni ya usakinishaji iliyobaki inaonekana baada ya usakinishaji kwisha. Habari kama hizo haziji usiku wa Jumapili. Zinakuja katikati ya siku ya kazi, na ofisi yenye seva moja husema "tutasasisha wikendi". Mwenye seva mbili nyuma ya HAProxy au nginx, programu za kugawa mzigo, anatoa moja, anaisasisha, anairudisha, anageukia ya pili. (Matoleo makubwa yanayobadilisha muundo wa hifadhidata ya ndani hayaendi kirahisi hivyo, lakini viraka vya dharura kwa kawaida huenda.)

Tuseme basi seva tatu zipo. Mtumiaji ameingia kupitia ya kwanza, na ombi lake linalofuata limepelekwa ya tatu. Ya tatu itamjuaje?

Jibu la zamani ni kumbandika mtu kwenye seva moja. nginx ina njia iitwayo ip_hash, ambayo kwa anwani za IPv4 hutazama sehemu tatu za kwanza tu za anwani na kuamua seva kwa hizo. Kwenye makaratasi inapendeza. Kwenye ofisi halisi, wafanyakazi wote walio nyuma ya ruta moja wana anwani moja ya nje, kwa hiyo wote wanaangukia seva moja. Kwenye mitandao ya simu, ambako ndiko watu wetu wengi wanakopatia intaneti, wateja wengi hushiriki anwani chache za mtandao, na mambo yanakuwa yaleyale. Seva moja inatokwa jasho huku mbili zinapiga miayo.

Superset haihitaji kubandikwa huko. Imejengwa juu ya Flask, mfumo wa kuundia programu za wavuti, na Flask huweka taarifa za kikao kwenye kidakuzi ndani ya kivinjari cha mtumiaji, kikiwa kimetiwa sahihi kwa ufunguo wa siri. Ni kama barua ya utambulisho yenye muhuri wa serikali ya mtaa: ofisi yoyote inayoutambua muhuri huo inaipokea barua bila kumpigia mwenyekiti simu. Kidakuzi hicho hakijafichwa. Mtu yeyote anaweza kukisoma na kuona namba ya mtumiaji iliyomo. Kilicholindwa ni kwamba hawezi kukibadilisha bila sahihi kuharibika.

Kutokana na hapo mambo mawili yanafuata, na ni pande mbili za jambo lilelile. La kwanza ni la mzigo: ufunguo, unaoitwa SECRET_KEY, lazima uwe uleule kwenye seva zote tatu. Ukitofautiana, utaona dalili ambayo imewapotezea wengi siku nzima: mtu anaingia vizuri, anabonyeza chati, anarudishwa kwenye ukurasa wa kuingia, anaingia tena, anarudishwa tena. La pili ni la usalama: mwenye ufunguo huo anaweza kujiandikia barua ya mtu yeyote. Haibi nywila, hakisii chochote. Anaandika kidakuzi kinachosema "mimi ni mtumiaji namba 1", anakitia sahihi, na namba 1 kwa kawaida ndiye msimamizi.

Hilo limeshatokea, kwa kiwango cha kutisha. Superset ilikuwa ikija na ufunguo wa mfano ulioandikwa wazi ndani ya msimbo wake, msimbo ambao dunia nzima inausoma. Kampuni ya usalama ya Horizon3.ai iliripoti jambo hili Oktoba 2021. Ufunguo wa mfano ukabadilishwa na mwingine wa mfano, wenye maneno ya Kiingereza yanayomwagiza msimamizi aubadilishe. Wasimamizi wengi hawakuubadilisha. Taarifa ilipotolewa hadharani Aprili 2023 kwa jina la CVE-2023-27524, kati ya seva takriban 3,000 walizozichunguza kwenye intaneti, karibu theluthi mbili zilikuwa zinatumia funguo zinazojulikana. Toleo la 2.1 ndilo lililomaliza ubishi: likiona ufunguo wa mfano, linakataa kuwaka. Na tusidhani msimamizi wa Superset anaona chati tu. Ana uwezo wa kufikia hifadhidata zote zilizounganishwa na kuziandikia SQL.

Kwa hiyo ufunguo utengenezwe kwa amri ya kutoa herufi za kubahatisha (nyaraka za Superset zinapendekeza openssl rand -base64 42), uhifadhiwe nje ya Git (hazina ya msimbo) na nje ya taswira ya Docker (kifurushi cha kuendeshea programu), na ule wa majaribio usiwe ule wa kazi. Wengi huogopa kuubadilisha ukishazoeleka, na hofu hiyo ina msingi: ufunguo huohuo ndio unaoficha nywila za hifadhidata zako ndani ya Superset, hivyo kuubadilisha ovyo kunakata miunganisho yote. Njia ipo. Unauacha ule wa zamani kwenye mpangilio wa PREVIOUS_SECRET_KEY, unaweka mpya, kisha unaendesha amri ya superset re-encrypt-secrets. Ni kazi ya dakika chache ukiifanyia mazoezi mapema. Ukiifanya kwa mara ya kwanza siku ufunguo umevuja, utatoka jasho.

Bado kuna deni moja la njia hii ya muhuri. Mtu akibonyeza kutoka, kinachofutwa ni kidakuzi cha kivinjari chake. Nakala iliyokwisha kuibwa inaendelea kukubalika mpaka muda wake upite, na kawaida ya Flask kwa vikao vya kudumu ni siku 31. Punguza muda huo uwe wa siku moja ya kazi, au hamishia vikao kwenye Redis, hifadhi ya kumbukumbu inayoshirikiwa na seva zote, ili seva ziweze kukifuta kikao kwa amri. Ukichagua Redis, kumbuka umehamisha hazina: sasa yenyewe ndiyo inayotaka nywila na mtandao wa ndani.

Twende kwenye lango. Kwa kawaida TLS, usimbaji unaolinda mawasiliano, inaishia kwenye kigawa mzigo, na kutoka hapo mpaka seva za ndani mawasiliano ni HTTP tupu. Seva haijui mteja alikuja kwa njia salama, wala haioni anwani yake halisi; inaona anwani ya kigawa mzigo peke yake. Ndiyo maana kigawa mzigo huongeza vichwa, yaani mistari ya maelezo inayosafiri na ombi, kwenye ombi, X-Forwarded-For na X-Forwarded-Proto, na Superset huambiwa ivisome kwa kuwasha ENABLE_PROXY_FIX. Tatizo ni kwamba kichwa ni maandishi tu. Mteja naye anaweza kuja na X-Forwarded-For yake aliyoibuni. Kigawa mzigo kifute kilicholetwa na mteja na kuandika chake, na seva isiamini mwingine.

Kuna mpangilio ambao kuamini huku kunafika mbali zaidi. Grafana inaweza kuwekwa ili proksi ya mbele (kipokezi cha maombi, kama nginx) ndiyo imthibitishe mtu, kisha ipitishe jina lake kwenye kichwa kama X-WEBAUTH-USER. Grafana haiulizi nywila tena. Ikiambiwa huyu ni admin, inakubali huyu ni admin. Superset ina njia inayofanana. Ni mpangilio halali na unarahisisha mambo, ilimradi hakuna awezaye kuifikia Grafana bila kupita kwa proksi. Mtu akiigonga poti 3000, mlango wa kawaida wa Grafana, moja kwa moja, mstari mmoja wa curl (programu ya kutuma maombi kwa amri) unatosha kuwa msimamizi. Grafana ina orodha ya anwani zinazoruhusiwa kuleta kichwa hicho. Ijaze.

Na hapa kuna mtego ambao umewanasa hata wakongwe. Msimamizi anafunga poti 3000 kwa ufw, ukuta wa moto wa Linux, anaangalia hali, ufw inasema imewaka, anakwenda kula. Lakini Docker, ukiiambia itangaze poti kwa -p 3000:3000, huandika kanuni zake yenyewe kwenye iptables, kichujio cha trafiki cha Linux, na trafiki hiyo haipiti kwenye kanuni za ufw. Poti iko wazi. Tangaza kwa 127.0.0.1:3000 au kwenye anwani ya mtandao wa ndani, halafu jaribu kuifungua kwa simu yenye bando, nje ya Wi-Fi ya ofisi. Jaribio la ndani ya ofisi halikwambii kitu.

Kuhusu kuingia, sitakaa sana. Tumia akaunti ya kampuni kupitia OpenID Connect (njia ya kuingia kwa akaunti moja) yenye hatua ya pili ya uthibitisho, ili anayeacha kazi aondolewe mahali pamoja. Kama watazamaji ni wafanyakazi tu, weka dashibodi nyuma ya VPN. Bosi atalalamika wiki ya kwanza. Ila ukiweka kikomo cha majaribio ya nywila, angalia kihesabio kiko wapi. Kikiwa kwenye kumbukumbu ya kila seva, kikomo cha mara 5 kwenye seva tatu kimekuwa mara 15. Na kikihesabu kwa anwani ya IP peke yake, mfanyakazi mmoja aliyesahau nywila analifungia nje tawi zima. Hesabu kwa jina la mtumiaji pia, na hesabu mahali pamoja.

Kache nayo ina upande wake wa pili. Tuseme meneja wa Mwanza anatakiwa kuona Mwanza tu. Superset hufanya hivyo kwa kanuni za mistari: inaongeza sharti kwenye swali la SQL kulingana na wadhifa wa mtu. Kache yake ya ndani inalijua sharti hilo, hivyo jibu la Mwanza halipewi mtu wa Mbeya. Lakini akija mtu anayetaka kasi zaidi, akaweka kache ya majibu kwenye nginx, nginx haijui Mwanza wala Mbeya. Kwa hali yake ya kawaida inajizuia: haihifadhi majibu ya maombi ya POST (yale yanayotuma data kwa seva), haihifadhi jibu linaloweka kidakuzi, inaheshimu vichwa vinavyosema jibu ni la mtu binafsi. Mtu huyo anaona kache haifanyi kazi, anatafuta mtandaoni, anapata mistari ya kuzima tahadhari hizo moja baada ya nyingine. Mwishowe inafanya kazi. Atakayefungua wa kwanza asubuhi, na mara nyingi ni bosi, ndiye anayeamua wote wataona nini. Kwenye nginx hifadhi picha na mafaili ya JavaScript. Namba ziachie programu inayojua nani anauliza.

Kanuni za mistari zina mpaka mwingine. Superset huunganishwa kwenye hifadhidata kwa akaunti moja kwa niaba ya wote, kwa hiyo hifadhidata haijui anayeuliza ni nani. Ulinzi wote uko ndani ya Superset. Aliyepewa SQL Lab, yaani ruhusa ya kuandika maswali yake mwenyewe, kwa muda mrefu hakuguswa na kanuni hizo mpaka mpangilio maalumu uwashwe. Akaunti hiyo ya hifadhidata basi iwe ya kusoma tu, na isome mionekano (maswali yaliyohifadhiwa yanayosomeka kama majedwali) iliyoandaliwa badala ya majedwali yenye namba za simu za wateja. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Chati ya mauzo kwa mkoa haihitaji jina la mteja hata mmoja.

Tumalizie na ile 504, maana haikutokea kwa bahati mbaya. nginx kwa kawaida husubiri jibu sekunde 60. Gunicorn huuwa mchakato uliokaa kimya sekunde 30. Na hifadhidata kama PostgreSQL, usipoiambia, haina kikomo. Ona kinachotokea: walio mbele ya hifadhidata wanachoka kwanza, mtumiaji anapata kosa, anabonyeza upya, na swali lake la kwanza bado linasaga kule nyuma. Baada ya dakika tano kuna nakala sita za swali moja na hakuna anayezisubiri. Muda upangwe kinyume: hifadhidata iwe na kikomo kifupi kuliko wote kwa akaunti ya dashibodi, kupitia statement_timeout, Gunicorn kirefu zaidi, nginx kirefu kuliko vyote. Anayekata tamaa kwanza awe yule mwenye uwezo wa kuisimamisha kazi yenyewe.

Ukaguzi wa afya nao una akili ya aina hiyo. HAProxy, ukiiwashia ukaguzi, huigonga seva kila baada ya sekunde 2 na kuitoa ikishindwa mara 3. nginx ya bure haigongi. Hujifunza kwa maombi ya watumiaji, na kwa kawaida yake kosa la 500 halihesabiki kuwa seva ni mgonjwa. Hapo njia ya kumpelekea mwenye kazi chache inageuka balaa: seva inayokosea papo hapo daima inaonekana haina kazi, kwa hiyo inapewa watu wote. Orodhesha makosa ya 500 kwenye proxy_next_upstream, lakini usiruhusu maombi ya POST yarudiwe kwenye seva nyingine, kwa sababu chati za Superset huombwa kwa POST na kila marudio ni swali jingine zito. Anwani ya /health ya Superset hujibu tu kwamba programu iko hai, haigusi hifadhidata, na kwa kigawa mzigo hiyo inatosha. Ukaguzi unaogusa hifadhidata upeleke kwenye mfumo wa tahadhari. Ukiupa kigawa mzigo, siku hifadhidata ikipata kwikwi ya sekunde kumi, kitazitangaza seva zote tatu kuwa zimekufa.